Jina la Duka na Njia ya Habari

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imefundishwa shuleni kwa miaka mingi, na kila mwanafunzi hujua kuieleza: kitu bora hakihitaji kusifiwa na mwenye kukiuza. Sina ugomvi nayo ikiwa inayosemwa ni tabia ya mtu. Lakini wewe msomaji, ukiichukua ukaingia nayo katika historia ya biashara, itakupoteza njia. Hakuna bidhaa njema iliyopata kujiuza peke yake katika pwani yetu wala katika bara. Kila iliyouzwa ilitanguliwa na habari, na habari ilibebwa na chombo fulani: jahazi, barua, waya, gazeti, ukuta uliopakwa rangi, na sasa simu ya mkononi. Tajiri mkubwa aliweza kuwa na chombo chake. Mwenye duka dogo hakuwa nacho. Jina lake lilisafiri daima katika chombo cha mtu mwingine, na kwa sababu hiyo riziki yake ilikuwa mikononi mwa mtu huyo. Nataka kukusimulia habari hiyo, maana vijana wengi leo hufungua duka katika simu kabla hawajapata duka lenye mlango, na hudhani kuwa shida zake zimezaliwa pamoja nao.

Tuanze na upepo. Kabla ya meli za moshi, mfanyabiashara wa Mombasa au Lamu aliyetaka kumwandikia mwenzake wa Maskati au Bombay alimpa nahodha barua yake wakati wa kusi, kisha akangoja. Jibu lilikuja na kaskazi, miezi mingi baadaye. Barua hizo hazikuwa za salamu tu. Zilieleza ni nguo gani inayopendwa mwaka huu na ni ipi imekaa ghalani ikaliwa na mende, nani amelipa na nani ametoroka, na kama mzigo uliopita ulipungua vipande. Aliyedhulumiwa alivuta subira mpaka upepo ugeuke ndipo lawama yake isikike. Ndani ya mji kulikuwa na mbiu, ile pembe iliayo kukiwa na jambo, lakini mbiu ilikuwa ya mtawala. Muuza kahawa hakupigiwa mbiu. Aligonganisha vikombe vyake vidogo njiani, na kwa mlio ule watu wakamtambua kabla hawajamwona. Huo ndio utangazaji wa mtu mdogo katika asili yake: sauti yake mwenyewe, umbali wa masikio.

Katika mwaka 1887 alianza biashara Mombasa mtu mmoja aitwaye Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla. Aliuza kanga, au leso kama tuziitavyo Kenya. Wauzaji wa leso walikuwa wengi, na nguo za mmoja zilifanana na za mwingine; mnunuzi angejuaje ametoka duka gani? Abdulla alitia alama katika nguo yenyewe: herufi za jina lake pamoja na maneno Mali ya Abdulla. Mwanzoni mwa karne ya 20 leso zilianza kutiwa misemo ya Kiswahili, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi, na alama ya mwenye duka ikakaa pamoja na msemo. Fikiri maana ya jambo hili. Bibi aliyenunua leso alikwenda nayo arusini, sokoni, kisimani na matangani, na kila alipopita alilipitisha jina la duka bila ya ujira. Alilipitisha kwa furaha, kwa kuwa nguo ilimpendeza na msemo ulimsemea moyoni. Mimi sijaona mpaka leo tangazo lililoshinda hilo kwa werevu. Lilikuwa na sifa mbili ambazo utaziona zikitafutwa tena na tena katika habari hii: lilichukuliwa na mteja mwenyewe, wala halikukaa juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Lakini nguo yenyewe haikufumwa Mombasa. Iliagizwa ng'ambo, na agizo lilihitaji njia. Mwaka 1879 waya wa simu uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, na mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Unguja. Habari iliyokuwa ikingoja pepo mbili ikaanza kufika kwa muda wa saa. Je, mwenye duka dogo alifaidika? Kidogo sana. Simu hiyo ilitozwa kwa idadi ya maneno, na bei ilikuwa ya kumtoa mtu jasho. Kampuni kubwa zilinunua vitabu vya maneno ya mkato, ambamo neno moja tu lilisimama mahali pa sentensi nzima, zikapunguza gharama. Mdogo asiyekuwa na kitabu wala fedha aliendelea kuandika barua na kungoja meli. Usisahau jambo hili unaposikia mtu akisema kuwa chombo kipya huwasawazisha watu. Huwasawazisha pale bei yake inaposhuka.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901 ilileta maduka bara. Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alitandaza maduka yake tangu pwani hadi Uganda, na katika mengi ya maduka hayo jina lake lilikuwa dhamana tosha. Magazeti nayo yalifuata. A. M. Jeevanjee alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa mwaka 1902, likahamia Nairobi mwaka 1910 kwa jina la East African Standard, na kampuni hiyo ikatoa gazeti la Kiswahili, Baraza, mwaka 1939. Kurasa zake zilikuwa wazi kwa kila mwenye kutangaza, madhali analipa. Mwenye kibanda cha unga na mafuta ya taa hakuwa na cha kulipa.

Huyo alibaki na ukuta wake. Mchora vibao alikuja na makopo ya rangi, akaandika jina la duka, namba ya sanduku la posta, na picha ya mkate au kiatu kwa ajili ya wasiojua kusoma. Baadaye akaja mgeni mwingine: wakala wa kiwanda cha sabuni au cha soda. Alitaka kuupaka ukuta mzima rangi nzuri bila ya mwenye duka kutoa hata senti, na mwenye duka akakubali, kwani ni nani akataaye rangi ya bure? Kazi ilipokwisha, jina la soda lilionekana kutoka barabara ya pili, na jina la mwenye duka lilikuwa pembeni kwa herufi ndogo. Ukuta ulikuwa wake, ila usemi haukuwa wake tena. Nakuomba uuweke ukuta huu akilini, maana tutaurudia.

Simu za waya zilikuwa chache katika nchi, na mwombaji alingoja miaka. Mambo yaligeuka mwaka 2000, kampuni za Safaricom na KenCell zilipoanza kushindania wateja wa simu za mkononi. Bei ikashuka mpaka kwa mama muuza mboga. Walioishi miaka ile watakukumbusha mtindo wa kubipu: mteja aliyeishiwa na salio alipiga akakata kabla simu haijapokewa, na muuzaji aliyetaka kuuza alimpigia yeye. Kwa mara ya kwanza mwenye biashara ndogo alikuwa na njia ya kusema na mtu aliye mbali kwa dakika hiyo hiyo, na mteja alijulikana kwa nambari. Tarehe 6 Machi 2007 ikaanzishwa M-Pesa, na tangu hapo nambari hizo hizo zikawa njia ya fedha. Mwaka 2013 yakaja malipo ya dukani kwa nambari maalumu, na mchora vibao akapata kazi mpya ya kuiandika juu ya mlango.

Intaneti ilikuwa imekwisha ingia Kenya tangu mwaka 1995, lakini ilipita angani kwa setilaiti, polepole na kwa gharama. Watu waliifuata katika vyumba vya saiba, wakilipia kwa dakika huku macho yakiwa kwenye saa. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika tena. Waya uitwao TEAMS uliotoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu ulitua Mombasa mwezi Juni, na ule wa SEACOM ulianza kazi mwezi Julai. Ukitwaa ramani ukaufuata waya wa TEAMS kwa kidole, utaona kuwa unapita karibu na njia ya majahazi ya kale: kutoka upande wa Ghuba, kando ya Arabuni, hadi Mombasa. Nao si salama kuliko majahazi. Mwezi Februari 2012 meli moja ilitia nanga mahali palipokatazwa karibu na bandari ya Mombasa, nanga ikaukata waya, na biashara za mbali kabisa na bahari zikachechemea.

Katika njia hiyo mpya ndipo mwenye duka dogo alipopata, kwa mara ya kwanza, mahali pa kujitangazia kwa bei ya bure. Facebook ilianzishwa Marekani mwaka 2004, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2006. WhatsApp ilianza mwaka 2009 na Instagram mwaka 2010. Fundi cherehani wa mji mdogo aliweza kuweka picha ya gauni asubuhi, likaonwa na mtu wa Nakuru kabla ya adhuhuri. Kazi ikaongezeka pia, na watu wengi hawakuitazamia. Duka la mlango hufungwa jioni. Duka la simu huulizwa maswali usiku wa manane. Mteja anayeuliza bei asijibiwe hadi kesho amekwisha nunua kwingine. Picha ikipambwa kuliko nguo, nguo hurudishwa. Neno la siri likishikwa na mtoto wa jirani, duka zima linaweza kuibwa bila ya kufuli kuvunjwa. Tena ipo desturi ambayo mimi siipendi: kuonyesha bidhaa na kuificha bei, mteja akaambiwa aulize faraghani. Wanaoitetea husema ni mapatano ya sokoni yaliyohamia katika simu. Huenda. Lakini sokoni mnunuzi husikia jirani yake ametajiwa bei gani, na faragha hiyo imemnyang'anya masikio.

Jambo lililowatisha wengi zaidi ni lawama. Zamani mteja aliyeudhika alinung'unika kwa majirani, na maneno yakafa mtaani. Sasa huandika hadharani, na maandishi hubaki. Watu husema kuwa jambo hili ni geni, nami nakuomba tuivuke bahari kidogo, tufuate Ghuba iliyo jirani na mahali unakotoka waya wa TEAMS mpaka mwisho wake, katika nchi ya Iraki. Katika magofu ya mji wa Ur kulichimbuliwa kibao cha udongo cha yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, ambacho leo kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London. Ni barua ya mteja aitwaye Nanni kwa mfanyabiashara wa shaba aitwaye Ea-nasir. Nanni analalamika kuwa aliahidiwa shaba njema akaonyeshwa mbaya, na kwamba mjumbe wake alijibiwa kwa dharau, achukue au aache. Anasema tena kuwa mjumbe huyo alirudishwa mikono mitupu kupitia nchi ya adui, na kwamba tangu siku hiyo yeye Nanni atachagua vipande vya shaba mwenyewe, kimoja kimoja. Soma vizuri utaona kuwa shaba mbaya ni nusu tu ya kosa. Kilichomchoma zaidi ni kudharauliwa kwa mjumbe. Ea-nasir anajulikana duniani leo kwa lawama hiyo kuliko kwa shaba yoyote njema aliyopata kuuza. Mwuzaji wa sasa aliye na busara hujibu lawama hadharani kwa upole, akakiri kilichoharibika, akaeleza atakavyokitengeneza. Wanaosoma jibu lake ni wengi kuliko yule mmoja aliyelalamika.

Sasa turudi kwenye ule ukuta wa duka. Kiwanja cha Facebook kilikuwa cha bure, lakini kilikuwa cha Facebook. Kampuni hiyo ilinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, hata viwanja vitatu ambavyo mwenye duka alidhani ni vya majirani watatu vikawa vya mwenyeji mmoja. Januari 2018 kampuni ilitangaza kuwa itatanguliza habari za jamaa na marafiki mbele ya zile za biashara na magazeti. Mwenye duka aliyejikusanyia wafuasi kwa miaka aliweza kuandika kama kawaida, ila wachache zaidi wangemwona asipolipia tangazo. Mwezi huo huo ikatolewa programu ya WhatsApp kwa ajili ya biashara ndogo, yenye nafasi ya kueleza duka na saa za kazi. Mlango mmoja ukafinywa na mwingine ukafunguliwa, na funguo zote mbili zilikuwa katika mfuko mmoja. Simlaumu mwenye nyumba kwa kupanga nyumba yake. Nasema tu kuwa mpangaji hakuulizwa.

Miaka miwili baadaye ulikuja ugonjwa wa Korona. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na kabla mwezi haujaisha kafyu ikaanza. Masoko yakapungua watu, na wengi ambao hawakuwahi kuuza kwa simu walijifunza kwa kulazimika: picha ilipelekwa kwa WhatsApp, fedha zikaja kwa M-Pesa, na mzigo ukachukuliwa na bodaboda. Faida yao ilikuwa kubwa. Kutegemea kwao kulikuwa kukubwa vile vile.

Kisha ikaja jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021. Baada ya saa kumi na mbili u nusu, kwa saa zetu, Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka kwa pamoja duniani kote. Havikuwa vita wala wizi. Mafundi wa kampuni walikuwa katika matengenezo, amri moja ikakosewa, ikazikata njia ambazo kwazo mitambo mingine ya dunia huijua mitambo ya kampuni hiyo ilipo. Ni kama mtu aliyeng'oa vibao vyote vya njia ya kwenda kwake, kisha yeye mwenyewe akashindwa kurudi. Yapata saa sita zilipita kabla ya huduma kurejea. Saa sita si nyingi katika maisha ya taifa. Lakini mfikirie muuza keki aliyepokea maagizo ya arusi ya kesho kwa WhatsApp tu, majina na mahali pa kupeleka vikiwa humo humo. Keki zimo jikoni, fedha zimelipwa, na hajui hata mteja mmoja anakaa wapi.

Waliosalimika jioni ile walikuwa wenye daftari. Wahenga waliosema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakifikiri madeni, lakini neno lao limefika mbali. Mwenye kuandika majina na nambari za wateja wake katika kitabu au faili lake mwenyewe aliweza kupeleka ujumbe mfupi wa simu, au kupiga, kama watu walivyofanya mwaka 2001. Hata hivyo daftari nalo lina sheria yake. Tangu Novemba 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, nayo haimruhusu mwenye duka kuzitumia habari za mteja kwa faida ya kibiashara kama apendavyo. Yapasa aombe idhini, na mteja ana haki ya kutaka aondolewe. Nambari uliyopewa kwa ajili ya kupelekewa viatu si ruhusa ya kusumbuliwa kila Ijumaa kwa matangazo.

Wengine wamejenga tovuti yenye jina lao, lililoandikishwa chini ya alama ya nchi yetu, .ke, ambayo ilitengwa kwa ajili ya Kenya mwaka 1993 na tangu mwaka 2002 inasimamiwa na shirika la KeNIC. Huko hakuna mwenyeji awezaye kusogeza bidhaa zako nyuma ya za mwingine. Ila jina hulipiwa kwa muhula, na asiyelipa huweza kulikuta siku moja limechukuliwa na mtu mwingine. Tena tovuti peke yake ni duka lililojengwa mbali na barabara: ni lako kweli, lakini lazima uwaelekeze watu, na njia ya kuwaelekeza ni hiyo hiyo mitandao ya wenyewe. Kwa hiyo wafanyabiashara waangalifu hutumia vyote: mtandao kwa kuonekana, tovuti kwa kukaa, daftari kwa kukumbuka, na simu kwa kusema.

Na ukuta haujaachwa. Ukipita leo katika soko lolote la Kenya utaona kuwa mchora vibao bado ana kazi. Huandika jina la duka, nambari ya simu, nambari ya kulipia, na jina ambalo duka hutumia katika Facebook au Instagram, vyote katika mstari mmoja juu ya mlango. Na mara nyingi rangi iliyopakwa chini ya maandishi hayo imetolewa na kampuni ya simu, ambayo jina lake ndilo kubwa kuliko yote ukutani.